Hatua Mbili za Murty

Kabla hakujapambazuka, Sabina alisikia chuma kikikwangua majivu jikoni, taratibu, kama mtu anayekwangua sufuria huku mtoto amelala. Akajua ni Christy, mume wa binti wa kaka yake. Christy alikuwa akifanya kazi bandarini Dublin, na Ijumaa ile ilikuwa siku yake ya mapumziko. Angeweza kulala mpaka jua lipande. Lakini alikuwa ameamka kuwasha jiko, ili mgeni apate maji ya moto kabla ya kwenda kwenye mashindano. Sabina alibaki kitandani kidogo, akamwacha amalize wema wake bila kumkatiza.

Aliposhuka, chai ilikuwa mezani, na mkate, na siagi nyingi.

"Shangazi, umelala?"

"Nimelala, mwanangu. Magari yenu yanapita usiku kucha, lakini nimelala."

"Kwani huko kwenu Connemara usiku kuna nini? Mawe tu."

"Mawe hayapigi honi."

Christy akacheka, akammiminia chai. "Haya, niambie ukweli. Kile kifarasi chenu nilikiona jana kinapita na wale wakubwa. Kilikuwa kama mtoto aliyefuata watu wazima harusini. Leo kitaruka kweli?"

"Mwite kwa jina lake. Anaitwa Murty."

"Hilo jina la mtu."

"La shemeji yangu, Mungu amrehemu. Mdomo wao wa chini ulikuwa mmoja."

Murty alikuwa wa rangi ya majivu, kifua kipana, miguu mifupi, na mgongo wake haukuzidi mdomo wa Sabina, ambaye mwenyewe hakuwa mrefu. Alipozaliwa hakuna aliyemwazia mashindano. Alizaliwa abebe mwani kutoka ufukweni, matenga mawili, moja kila ubavu, apandishe mpaka kwenye shamba la viazi, uwe mbolea. Kazi hiyo aliifanya miaka minne.

Kule kwao mashamba hayana malango. Yana kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo, na ukitaka kumpitisha mnyama unaondoa mawe, unampitisha, kisha unayarudisha moja moja. Mumewe alipofariki, kazi hiyo ikabaki ya Sabina na kiuno chake. Siku moja alikaa chini apumzike kabla ya kuanza kuondoa mawe. Murty akautazama ukuta, akamtazama bibi, akarudi nyuma kidogo, akaruka. Upande wa pili akasimama, akamngoja. Toka siku hiyo Sabina hakuondoa tena jiwe. Na mjukuu wake Fidelma, aliyekuwa akimlea tangu mama yake afe, alipoona hivyo alipanda mgongoni bila tandiko. Alikuwa na miaka tisa.

Sasa alikuwa na ishirini na mbili, na Murty alikuwa na kumi na sita, akikaribia mwisho wa nguvu zake. Walikuwa wameshinda maonyesho ya kijijini, kisha ya mjini, kisha Galway, kisha watu wakaanza kuuliza yule ni nani. Mwaka huu Fidelma alichaguliwa kuwa mmoja wa wapanda farasi wanne wa Ireland katika Kombe la Mataifa la kuruka viunzi. Mwakani Murty angekuwa mzee mno. Ilikuwa leo, au basi.

Sabina alifika viwanjani mapema, na kikapu chake mkononi. Alimkuta Fidelma anavuka ua, amebeba ndoo mbili za maji.

"Ya pili ni ya nani?"

"Ya farasi wa Waitaliano, Bibi. Mtunzaji wao amelazwa hospitali tangu juzi, kidole tumbo. Kanali wao anahangaika peke yake na farasi wanne."

"Umemwambia kwamba unamsaidia?"

"Nimwambie nini? Farasi ana kiu, nampa maji."

Sabina alimtengenezea ukosi wa shati, ingawa ulikuwa umekaa vizuri.

Muda si mrefu Kanali mwenyewe akapita. Jina lake Vasini, mtu mrefu, masharubu meupe, buti zinazong'aa. Kiingereza chake alijifunza kwenye kambi ya wafungwa wa vita huko Scotland, na alikisema polepole na kwa adabu. Akasimama mlangoni pa banda la Murty, akamtazama kwa muda mrefu.

"Mama," akamwambia Sabina, "huyu ni farasi mzuri kuliko wote niliowaona hapa Dublin. Macho yake yana akili kuliko yangu mimi."

Akainamisha kichwa, akaenda zake.

Sabina alibaki anangoja sehemu iliyobaki. Haikuja. Kwao, mtu akisifia mnyama au mtoto humalizia kwa kusema Mungu ambariki, na kama ni mtu mwangalifu hutema mate kidogo. Asipofanya hivyo, sifa inageuka kijicho, na kijicho kinamwingia yule aliyesifiwa. Dawa ni moja tu: aliyesifia arudi mwenyewe aseme.

"Fidelma, umesikia? Amesifia, akaondoka hivi hivi."

"Bibi, yule ni mgeni. Kwao labda hawasemi."

"Kijicho nacho kitauliza pasipoti?"

"Muache, Bibi wangu. Ana farasi wanne na hana mtu wa kumsaidia."

Sabina akamwacha, lakini roho haikutulia.

Kabla ya mashindano, wapanda farasi huingia uwanjani kwa miguu na kupima umbali kati ya kiunzi na kiunzi kwa hatua zao wenyewe, wapate kujua farasi atapiga hatua ngapi kabla ya kuruka. Fidelma alipima pamoja na Meja Brannick, mkuu wa timu, mtu wa jeshi, sauti kubwa, moyo usio mbaya. Sabina alikuwa nje ya uzio, akawasikia walipofika kwenye vile viunzi vitatu vinavyofuatana kwa karibu.

"Ukitua hapa, hatua moja, unaruka. Kisha mbili, unaruka," Meja alisema. "Wote wanafanya hivyo."

"Murty ni mfupi, Meja."

"Ndiyo maana unamsukuma. Arefushe hatua. Huu si uwanja wa watoto, binti. Hapa tunaruka kama farasi."

Fidelma alikuwa mtu wa kutii, na nguo za timu zilikuwa bado mpya mwilini mwake. Kengele ilipolia alifanya alivyoambiwa. Murty alikwenda vizuri mpaka kwenye vile vitatu. Hapo Fidelma akamsukuma, na Murty akajinyoosha, akajinyoosha, masikio yamelala nyuma, akaruka kwenda mbele badala ya kwenda juu. Ufito wa juu wa kiunzi cha pili ukaanguka. Kiunzi cha tatu nacho ufito ukaanguka. Alama nane za kosa, nne kwa kila ufito. Watu walimpigia makofi ya huruma, makofi ambayo mtu anayepigiwa hutamani yasingekuwapo.

Hata hivyo haikuwa balaa bado. Katika kila raundi, kwa kila timu ya watu wanne, matokeo mabaya kuliko yote hayahesabiwi. Ireland walikuwa wa pili, nyuma kidogo ya Italia, na raundi ya pili ilikuwa alasiri.

Kisha habari ikaja wakati wa chakula. Farasi wa Kapteni Looby, mwenzao katika timu, alikuwa amevimba mguu, hawezi kuruka tena. Wamebaki watatu, na matokeo ya wote watatu yatahesabiwa. Hakuna la kufutwa.

Sabina alimkuta mjukuu wake ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, mkate mkononi haujaguswa.

"Kula, mwanangu."

"Bibi, nikiangusha tena, nimewaangusha wote. Looby amekuja kunishika mkono, hajasema neno baya hata moja. Afadhali angenitukana."

"Angekutukana ningemchapa."

Fidelma akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likafa. "Na Murty ataondoka na jina hilo. Watu watasema, tulijua tu, farasi wa mwani."

Sabina akambusu kichwani, akachukua kikapu chake, akaenda kumtafuta Mwitaliano.

Alimkuta anafagia banda mwenyewe, koti la jeshi limetundikwa kwenye msumari.

"Kanali, samahani kukusumbua. Asubuhi ulimsifia farasi wetu."

"Ndiyo, Mama. Na bado namsifia."

"Hapana, usirudie! Hukumalizia. Kwetu mtu akisifia, anasema Mungu ambariki. Wewe hukusema, na sasa umeona yaliyotokea. Sikulaumu, hukujua. Lakini lazima uje useme mwenyewe."

Kanali aliegemeza ufagio ukutani. Hakucheka. Sabina alikumbuka jambo hilo miaka mingi baadaye, kwamba mtu mkubwa kama yule, mwenye shughuli nyingi vile, hakucheka.

"Bibi yangu pale kijijini alikuwa na mambo kama hayo," alisema. "Twende."

Mbele ya Murty akavua kofia. "Mungu ambariki farasi huyu," akasema.

"Na mate," Sabina akanong'ona.

"Mate pia?"

"Kidogo tu."

Kanali akatazama kushoto, akatazama kulia. Maofisa wawili wa Kifaransa walikuwa wanakuja. Akangoja wapite, akagusa ulimi kwa ncha ya kidole, akampaka Murty katikati ya macho. Murty akaanza kumtafuna kitufe cha shati.

"Asante, baba," Sabina alisema, na kweli alihisi kifua kimefunguka.

Kanali hakuondoka. Alikuwa anampapasa Murty bega, kama mtu anayetafuta maneno. "Mama, nimefanya dawa yako. Sasa na mimi nikuambie langu, ingawa mimi ni mpinzani wenu. Asubuhi huyu alikimbia kama mtu aliyevaa viatu vya kaka yake. Mjukuu wako anamwambia hatua moja. Yeye anataka mbili. Mbili ndogo, ndogo kabisa. Niliona akiziomba, na msichana akamnyima."

"Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu siku mbili hizi farasi wangu wamekunywa maji kabla sijaamka, na hakuna malaika aliyeniachia barua." Akavaa kofia. "Nina macho, Mama."

Sabina alisimama pale, mkono shingoni kwa Murty, na picha ikamjia. Ufukwe wa kwao maji yakiwa yamekupwa. Mawe yenye utelezi. Murty amebeba matenga mawili ya mwani yanayotiririka maji, anakwenda kwa hatua fupi fupi, upesi upesi, kama mwanamke aliyebeba mayai. Miaka minne alikwenda hivyo, na hakuwahi kuteleza. Alijifunza kutembea pale. Na yeye Sabina, aliyetembea nyuma yake siku zote hizo, ilibidi aambiwe na Mwitaliano.

Fidelma alikuwa anafunga tandiko, Meja Brannick pembeni anamkumbusha.

"Msukume mapema zaidi safari hii. Kuanzia kona."

"Meja," Sabina alisema, "naomba dakika moja na mjukuu wangu."

"Mama, kwa heshima zote, hapa si kwenye mwani."

"Najua, Meja. Kwenye mwani tungekuwa tumemaliza kazi saa hizi."

Mtu mmoja nyuma akakohoa ili asicheke. Meja akawa mwekundu, lakini akasogea hatua mbili. Sabina akamshika Fidelma mkono.

"Unakumbuka mkirudi kutoka ufukweni, wewe juu katikati ya matenga? Hatamu ulikuwa unazishikaje?"

Fidelma akafikiri. "Sikuwa nazishika, Bibi. Nilikuwa nasinzia."

"Na yeye?"

"Alikuwa anachagua mwenyewe pa kukanyaga."

"Basi ukifika kwenye vile vitatu, sinzia kidogo. Atapiga mbili badala ya moja. Muachie."

"Atakuwa karibu mno na ufito!" Meja alisema. Hakuwa amesogea mbali kiasi hicho. "Hakuna farasi duniani anaweza kuruka kimo kile akiwa chini yake namna hiyo!"

"Ukuta wetu nao alikuwa anauruka akiwa chini yake," Sabina alisema kwa upole. "Hakukuwa na nafasi ya kupiga mbio kwanza. Kulikuwa na viazi."

Meja alimtazama Murty, kisha msichana. Kazi yake pia ilikuwa hatarini, Sabina aliliona hilo, na alimwonea huruma.

"Mimi namjua farasi," Meja alisema hatimaye. "Huyu nyinyi ndio mnamjua. Fanya unavyoona, binti. Nikiulizwa, nitasema nilikuagiza mimi."

Hilo nalo Sabina hakulisahau.

Raundi ya pili ilianza. Waingereza wakaangusha, Wafaransa wakaangusha. Kanali Vasini alikuwa wa mwisho kwa Italia, na alama zake zingehesabiwa, maana mwenzake mmoja alikuwa ameangusha fito tatu. Farasi wake mkubwa mweusi alikwenda kama maji yanayomiminwa, mpaka kiunzi cha mwisho, kwato ya nyuma ikagusa ufito. Ufito ukacheza, ukafikiri, ukaanguka. Waireland wawili wa kwanza hawakuangusha kitu. Kipaza sauti kikatangaza hesabu, na watu wote wakaelewa: Fidelma akipita bila kosa, kombe linabaki Ireland. Akiangusha hata ufito mmoja, linakwenda Italia.

Sabina alisimama langoni, rozari mfukoni. Hakuisali, aliishika tu.

Murty akaingia uwanjani, na kwenye nyasi zile pana alionekana mdogo kuliko siku zote. Mtu mmoja juu ya jukwaa akapiga kelele, "Angalieni asipite chini ya ufito!" Watu wakacheka, lakini kicheko cha kumpenda. Kengele ikalia.

Kiunzi cha kwanza. Cha pili. Handaki la maji, ambalo Murty alilivuka kwa dharau, maana maji aliyajua tangu utotoni. Ukuta mwekundu, uliompita kimo, masikio yakiwa mbele kama anayesikiliza kitu upande wa pili. Kila akitua, uwanja mzima ulivuta pumzi.

Wakazunguka kona. Sabina akaona mabega ya mjukuu wake yanashuka. Akaona mikono inasogea mbele, hatamu zinalegea. Msichana alikuwa amesinzia.

Murty akaruka cha kwanza, akatua. Moja, mbili, ndogo ndogo, upesi upesi. Akafika chini ya ufito kabisa, mahali ambapo farasi mwingine angesimama. Akajikunja, miguu ya nyuma imeingia chini ya tumbo, akapanda juu kama paka anayeruka dirishani. Ufito haukutikisika. Moja, mbili, tatu. Akapanda tena. Pande zote nne watu walisimama, na hakuna aliyekuwa anacheka.

Kilikuwa kimebaki kimoja. Alikiruka kana kwamba ni kazi ndogo ya mwisho kabla ya kwenda kula.

Sabina hakusikia kelele. Alisikia tu kwamba mtu amemshika mkono na anautikisa, akageuka akaona ni Meja Brannick, anatokwa na machozi na hajali.

"Mbili!" alikuwa anasema. "Amepiga mbili, Mama! Umeona?"

"Nimeona, Meja. Jifute, watakupiga picha."

Walipigwa picha wote. Kombe lilikuwa kubwa kiasi kwamba Murty alijaribu kunywa ndani yake. Kapteni Looby alimbeba Fidelma begani kuzunguka uwanja, na Christy, aliyekuwa amelipia kiti cha nyuma kabisa bila kumwambia mtu, alisikika kutoka kule juu akiwaambia wasiomjua kwamba yule farasi ni ndugu wa mke wake.

Jioni, kelele zilipopungua, Sabina alikuwa ameketi bandani na Fidelma kwenye majani makavu, wanakula mkate na nyama baridi kutoka kikapuni. Murty alikuwa anatafuna zake. Kanali Vasini akatokea mlangoni, kofia mkononi, na peari moja aliyoikata vipande vinne.

"Naruhusiwa?"

"Karibu, karibu. Fidelma, msogezee Kanali ndoo akae."

Akakaa juu ya ndoo, mtu mkubwa vile, magoti yamefika karibu na kidevu. Akampa Murty peari, kipande kimoja kimoja. Sabina akamkatia mkate, akaupaka siagi, nyingi, kama aliyowekewa yeye asubuhi.

"Bibi ameniambia ulichofanya," Fidelma alisema. Uso wake ulikuwa mwekundu. "Kanali, umejinyima kombe."

"Hapana. Kombe nimelinyimwa na kwato ya nyuma ya farasi wangu. Nimeongea naye."

"Hujuti?" Sabina aliuliza.

"Nitajuta Jumatatu, kwenye meli. Kwenye meli hakuna kazi nyingine." Akamega mkate. "Lakini miaka thelathini naruka, Mama, na leo nimejifunza kitu. Nyumbani nina farasi mmoja mfupi ambaye nilitaka kumuuza. Simuuzi."

Wakaendelea kula. Kwenye banda la jirani kulikuwa na farasi anakunywa maji, na Kanali aligeuka kusikiliza, akatambua ni wake, akamtazama Fidelma, ambaye alijifanya anatafuta kitu kwenye majani.

Giza lilipoanza kuingia Kanali akainuka, akajipangusa, akampigia Murty saluti ya kijeshi, kisha akambusu Sabina mkono, jambo ambalo halikuwa limempata tangu azaliwe.

"Nisiwachoshe. Mnahitaji kulala."

"Kanali," Sabina alisema. Alikuwa ameushika mkono wake uliobusiwa kwa mkono mwingine, bila kujua. "Sisi tupo hapa mpaka Jumapili. Asubuhi nakuja na chai ndani ya chupa, ya moto, na Christy ameahidi soseji. Wewe huna mtu wa kukupikia. Njoo tena kesho utuone, tafadhali. Njoo mapema."